Safu ya Hisia

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini kutoka mafunzoni. Siku tatu nzima! Mada: nadharia za utambuzi na namna ya kuzitumia kuunda kanzidata yenye akili. Kanzidata ni ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta. Yenye akili ni ile inayokumbuka kama binadamu, si kama kabati. Hayo nimeyashika barabara. Mengine yalifundishwa baada ya chakula cha mchana, na mimi baada ya chakula cha mchana si mtu wa kutegemewa. Lakini makaratasi ninayo. Kurasa kumi na nne. Ukurasa wa kumi na tano ulikwama kwenye mashine ya kunakili. Kwenye yaliyomo umeandikwa "Tahadhari". Nadhani si wa lazima.

Hali ya hapa redioni ni hii. Maktaba yetu ina kanda elfu sita na ushei: hotuba, nyimbo, milio ya wanyama, milango inayofungwa. Orodha hakuna. Orodha ni Bibi Kanda. Mwanamke mmoja, miwani moja, miaka thelathini na moja ya kazi. Anastaafu tarehe ishirini na moja mwezi huu, na Mkurugenzi ana tumbo joto. Bibi akiondoka na kichwa chake, redio itabaki bubu. Basi ametangaza kwamba atakayeunda kanzidata bora ndiye Mkuu mpya wa Maktaba. Maonyesho mbele ya bodi, Alhamisi ya wiki ijayo.

Tuko wawili. Mimi, na Fundi Waya wa mitambo. Mpango wa Fundi Waya ni jedwali. Jina la kanda, tarehe, msemaji, namba ya rafu. Basi! Nilimwambia kwa upole kwamba hata muuza nyanya ana daftari la namna hiyo. Akaniita Profesa mbele ya watangazaji wawili. Wamecheka. Jina limeshika kabla ya saa nne.

Jumanne, 4 Machi

Ukurasa wa pili: akili ya mtu hubeba vitu saba kwa mara moja. Zaidi ya hapo, hudondosha.

Nilifika kabla ya Bibi Kanda. Rafu ya miziki nikaipanga saba saba. Zilizozidi nikazishusha sakafuni, saba saba vilevile. Ilipendeza macho.

Saa saba mchana msomaji habari akahitaji muziki wa tanzia. Bibi Kanda akanyoosha mkono pale alipozoea kuunyoosha miaka yote. Akashika hewa. Redio kimya sekunde arobaini! Hatimaye akachopoa kanda iliyokuwa karibu, na nchi nzima ikasikia wimbo wa tangazo la sabuni. Marehemu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Familia imepiga simu mara mbili.

Mkurugenzi alishuka akauliza nani kafanya hivi. Nikatazama dari. Bibi Kanda akasema ni yeye, mkono umezeeka, unasahau njia. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Nilikohoa.

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimfuata Bibi Kanda ili niombe radhi. Nilianza na shikamoo, nikaishia hapohapo. Alisema radhi baadaye, kwanza tuokote kanda.

Tukaokota pamoja, yeye kwenye kigoda, mimi kwa magoti. Kila kanda aliyoishika alikuwa na neno lake. Hii ya treni ni ya wiki ile mpishi wa kantini alipoanguka na sinia la vikombe. Hii ya jogoo ni ya siku umeme ulipokatika wakarekodi kwa betri ya gari. Tarehe hajui hata moja. Namba hazimhusu. Anakumbuka kwa matukio!

Ukurasa wa tisa huo! "Kumbukumbu hushikamana na tukio, na hisia ndiyo gundi yake." Mbele yangu alikuwa ameketi ukurasa wa tisa, kavaa miwani.

Nimemwomba anisimulie kanda zote. Alicheka. Alisema tangu aingie jengo hili hakuna aliyewahi kumwomba asimulie, wanaomba kanda tu. Amekubali. Radhi sikuiomba tena. Ilikuwa imepita wakati wake.

Alhamisi, 6 Machi

Kutwa nzima maktabani na daftari langu. Nimeunda safu mbili ambazo Fundi Waya hawezi kuziota: Tukio, na Hisia. Ya pili ina kipimo, moja hadi kumi.

Bibi Kanda akifunguka hafungiki. Hotuba ya ufunguzi wa daraja: anaikumbuka kwa sababu wiki hiyo Mkurugenzi wetu, enzi hizo msomaji habari mchanga, aliwatakia wasikilizaji asubuhi njema saa mbili usiku. Akajifungia stoo ya kanda akalia. Bibi akampenyezea leso chini ya mlango. Hajamwambia mtu mpaka leo.

Akaniwekea mkono begani akasema, "Haya ya pembeni ni yetu mimi na wewe, mwanangu. Usiyaandike." Nikasema hata kidogo, Bibi. Kalamu ilikuwa bado inatembea.

Najua. Lakini ya pembeni ndiyo gundi yenyewe! Sayansi haiwezi kusimama kwa sababu mtu kamwekea mtu mkono begani.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimwuliza kuhusu sauti za mvua. Zipo kanda tisa za mvua. Nane alizitaja haraka. Ya tisa, mvua juu ya bati, aliishika kwa muda. Kisha akanieleza. Alizungumza polepole, na mwisho akavua miwani akaifuta kwa pindo la gauni.

Sitaki kuirudia hapa. Kwenye daftari la kazi nimeiandika.

Jumamosi, 8 Machi

Jaribio la nyumbani. Mke wangu ni fundi cherehani. Ana daftari la wateja, limepangwa kwa majina. Alipokwenda sokoni nililinakili upya kwa hisia: wateja wenye furaha, wenye wasiwasi, wenye kiburi. Na nguo nikazitundika kwa mpango huohuo.

Mchana mteja mmoja wa kiburi, karani wa mahakama, ameondoka na suruali ya mteja mwingine wa kiburi, mpiga ngumi. Amerudi nayo ameishikilia kwa mikono miwili kiunoni. Mke wangu aliniuliza kama nina akili timamu. Nilimweleza kwamba swali hilo ndilo hasa linaloshughulikiwa na nadharia za utambuzi. Leo nimekula peke yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingiza kanda mia nne kwenye kompyuta, neno kwa neno kutoka daftarini. Vidole vimevimba.

Nilipita kwa Fundi Waya kana kwamba natafuta bisibisi. Jedwali lake limekwisha! Kanda zote elfu sita! Amekuwa akipita rafu kwa rafu, akisoma lebo, akiandika. Kazi ya kitumwa. Akasema akinipa namba zake za rafu, mfumo wangu utakuwa na uhakika zaidi. Eti tuunganishe nguvu. Nikacheka kidogo kwa pua. Namba za rafu ninazo zangu, nilizikariri kwa kutazama.

Jumatano, 12 Machi

Kesho ndiyo kesho. Nimepitia mfumo wote. Nilipofika kwenye kanda ya mvua nikasimama. Nilisogeza kidole hadi kitufe cha kufuta. Nikafikiri. Nikifuta hiyo, itabidi nifute ya leso. Nikifuta ya leso, itabidi nifute zote za namna hiyo. Kitakachobaki ni jina, tarehe na rafu. Kitakachobaki ni Fundi Waya!

Nimeacha. Kanda ziko mia nne. Nani, kati ya watu wazima wenye shughuli zao, ataomba mvua?

Alhamisi, 13 Machi

Ngoja niandike haraka kabla mkono haujakataa.

Ukumbi ulijaa. Wajumbe watano wa bodi, Mkurugenzi, watangazaji, hata wafagizi. Bibi Kanda aliwekwa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima. Alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Aliniashiria kwa kidole gumba. Mimi! Alikuwa upande wangu.

Fundi Waya alianza. Wakataja kanda, akaitaja rafu. Wakataja nyingine, akaitaja rafu. Mwenyekiti wa bodi akapiga miayo.

Kisha mimi. Nikaeleza kuwa binadamu si kabati. Nikaeleza gundi. Mwenyekiti akakaa sawa. Mkurugenzi mwenyewe akachagua wa kwanza: hotuba ya daraja. Nikaandika, nikabonyeza. Maneno yakajaa ukutani, kila herufi kubwa kama kiatu:

"Tukio: wiki ambayo Mkurugenzi wa sasa aliwatakia watu asubuhi njema saa mbili usiku, akajifungia stoo akalia. Leso ilitolewa. Hisia: fedheha. Nguvu: nane kati ya kumi."

Ukumbi ulilipuka. Fundi Waya aliinama akashika magoti. Masikio ya Mkurugenzi yakabadilika rangi, nayo ni masikio makubwa. Nilimwona Bibi Kanda akishusha kile kidole.

Hapo ningeacha. Swichi ya ukutani ilikuwa shubiri moja kutoka mguu wangu! Lakini Mwenyekiti alikuwa akifuta machozi ya kicheko, akasema tuone nyingine, tuone nyingine. Akatafuta neno. Akatazama dirishani, mawingu yalikuwa yakijikusanya.

"Mvua," akasema.

Mvua tu. Zipo tisa. Mfumo wangu huanza na ile yenye nguvu kubwa. Ndivyo nilivyouunda, ukurasa wa kumi na moja. Nilibonyeza. Sijui kwa nini nilibonyeza. Watu wote walikuwa wananitazama kama mtu mwenye akili, na sikuwahi kutazamwa hivyo.

"Mvua juu ya bati. Rafu ya nne. Tukio: Bibi Kanda alimzika mtoto wake wa pekee Jumatatu, akarudi kazini Jumatano kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Aliirekodi mvua ili asikie kitu. Hisia: huzuni. Nguvu: kumi kati ya kumi. Imethibitishwa na mhusika."

Hakuna aliyecheka. Projekta tu ndiyo iliyokuwa ikivuma. Bibi Kanda aliyasoma yote, taratibu, kama anavyosoma lebo. Akasimama. Akanyoosha gauni.

"Siyo rafu ya nne," alisema. "Ni ya tano."

Akatoka.

Mwenyekiti akaniuliza nani ameandika mambo haya. Nami nikajibu, kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo, kwamba mfumo una akili. Umejifunza wenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Wameamini! Mungu wangu, wameamini.

Mkurugenzi amefikiri usiku kucha, akafikia hitimisho. Mfumo umejifunza, sawa. Umejifunza kutoka kinywa cha nani? Siri ya leso ilijulikana na watu wawili tu. Kwa hiyo Bibi Kanda ndiye anayemwaga mtama penye kuku wengi. Ameagiza abaki nyumbani siku zilizosalia. Hakuna sherehe ya kuagwa. Miaka thelathini na moja, na atapelekewa barua na tarishi.

Nilisikia yote nikiwa nimesimama ofisini kwake na kikombe cha chai mkononi. Nilinywa chai hiyo mpaka ikaisha. Kisha nikaendelea kunywa kikombe kitupu.

Mchana Fundi Waya aliniletea daftari langu. Nililisahau ukumbini. Mwandiko wangu, maneno yaleyale, na pembeni kwa herufi ndogo nilikuwa nimejiandikia: "Amesema nisiandike." Aliliweka mezani limefungwa. Akarudi kwenye mitambo yake. Afadhali angenitukana matusi ya nguoni, ningejua pa kushika.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwake. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Nilimsimulia ninavyoona mimi, akaniuliza upya mpaka nikasimulia ilivyokuwa. Akanipa kiatu changu cha kushoto, kisha cha kulia, akafungua mlango.

Bibi Kanda anaishi chumba na sebule. Alikuwa akichambua mchele. Nilipiga magoti, nikawa nimepigia juu ya ungo, mchele ukamwagika. Basi nikaanza kuomba radhi huku naokota chembe moja moja. Alinisaidia kuokota. Sikujua kama hilo ni jema au baya.

Nilimaliza yote niliyoyapanga. Nikasema na lile la sabuni na tanzia. Akasema hilo alilijua siku ileile. Halafu akaniuliza swali moja.

"Ile kumi kati ya kumi. Uliipimaje?"

Nilimtazama, nikatazama mchele. Nilipima kwa kipimo gani? Alipovua miwani, nikaandika kumi. Angevua na viatu, ningeandika ngapi?

Akaendelea kuchambua. Alisema alinieleza yale kwa sababu nilikaa kimya namsikiliza, na mtu wa kumsikiliza hampati kila siku. "Kumbe, mwanangu, ulikuwa unaandika tu."

Nililia. Mtu mzima, na ndevu. Hakunipa leso, na alikuwa nayo mapajani. Alisema machozi nisimletee yeye, yeye anayo yake. Nikayapeleke kwa Mkurugenzi, huko ndiko yanakohitajika.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesema.

Kwanza niliandika barua, nikaichana. Kisha nikasimama mbele ya mlango wa Mkurugenzi nikifanya mazoezi. Nikausemea mlango kila kitu. Kwamba niliahidi kutoandika nikaandika. Kwamba mfumo hauna akili yoyote, una mikono yangu. Kwamba rafu ya miziki niliivuruga mimi, na bibi akabeba lawama. Nilikuwa nimefika kwenye "naomba adhabu yoyote" niliposikia mtu akijikohoza nyuma yangu. Mkurugenzi. Alikuwa ametoka msalani. Amesikia kuanzia mwanzo.

Aliuliza jambo moja tu: kama ni kweli bibi alikaa na siri ile miaka yote bila kumwambia mtu. Nikasema ni kweli, na alipomwambia mtu, kwa bahati mbaya alikuwa mimi.

Hakunifukuza. Nimehamishiwa mapokezi, kwenye meza ya kitabu cha wageni. Fundi Waya ndiye Mkuu wa Maktaba. Nilimpa mkono wa hongera. Alinishukuru kwa adabu zote, na hakuniita Profesa. Imeniuma kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 21 Machi

Sherehe imefanyika. Mkurugenzi alikwenda nyumbani kwa bibi mwenyewe, kwa gari lake, kumwomba arudi. Mbele ya watu wote alisimulia kisa cha asubuhi njema. Alikisimulia vibaya, akaruka sehemu ya kulia, akairudia. Watu wakacheka naye. Bibi Kanda alicheka mpaka akashika mbavu.

Amekaa na Fundi Waya siku tatu. Amemsahihishia namba za rafu tu, na Fundi Waya hakumwuliza zaidi. Alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba kanda moja. Hakuna aliyeuliza ipi. Kwenye jedwali la Fundi Waya sasa kuna mstari umeandikwa: "Mvua juu ya bati. Imetolewa."

Nilisimama nyuma, karibu na viti vilivyokunjwa. Alinifuata. Nilijiandaa kwa lolote. Akanishika mkono, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema nile basi, chakula kinapoa. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Nilikula nimesimama, uso ukutani.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA.

Jumanne, 25 Machi

Meza ya mapokezi. Siku ya pili. Kitabu cha wageni kina safu nne: jina, atokako, amwonaye, saa. Kikavu! Kama jangwa.

Nimewaza. Wiki mbili karibu zimepita tangu maonyesho, na hakuna mtu katika jengo hili aliyesahau hata nukta. Mfagizi anakumbuka nilivaa shati gani. Mlinzi anakumbuka saa. Mjumbe wa bodi alipita hapa jana akanikumbuka kabla hajafika mlangoni, akapitia mlango wa nyuma. Mimi mwenyewe nakumbuka mpaka sauti ya projekta. Ni nini basi kinachoshika kumbukumbu kwa nguvu namna hii? Si tukio. Si huzuni. Ni aibu! Aibu ndiyo gundi ya gundi zote! Kwenye makaratasi ya mafunzo haimo. Nimeigundua mimi.

Nimechora safu ya tano kwa rula: Aibu. Wageni wa leo: muuza vipuri alisema hana muda. Mwalimu wa kwaya alidhani ni utani, kisha akaona rula yangu, akaondoka bila kumwona aliyemfuata. Dada mmoja aliyekuja kutangaza mbuzi aliyepotea alianza kunieleza, akasita. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni msikilizaji mzuri.

Nahitaji mifano zaidi kabla ya kumwandikia Mkurugenzi. Jioni hii nimemwuliza mke wangu, kitaalamu kabisa, aibu yake kubwa kuliko zote maishani ni ipi. Alisimamisha cherehani. Alinitazama, akanitazama, akanitazama. Hakujibu.

Nimemwandika: "Hakumbuki."